Mia Tatu na Arobaini

Waya tuliutoa kwenye mota ya kinu cha Masese,
mota iliyoungua Jumanne na bado ilinuka unga.
Baba Mdogo aliunyoosha
kwa kuuvuta katikati ya vijiti viwili vilivyobanana
hadi shaba ikalala kama nywele zilizochanwa.

Kisha bomba la plastiki, refu kama kiganja,
limevishwa kitambaa cha gomesi kuukuu.
Akaanza kuzungusha, akihesabu kwa sauti,
kidole gumba kikilaza waya ubavuni mwa waya,
safu ya kwanza, gundi, safu ya pili.

Kwenye mia na kumi na saba akasimama.
Akatazama ukuta.
Tangu aanguke kutoka kwenye nguzo ya umeme kule Bugembe
hesabu yake ina shimo pale pale.
Majina nayo. Leo asubuhi nilikuwa Athieno,
saa sita nikawa Nyafwono,
shangazi yangu, aliyezikwa Tororo mwaka wa mafuriko.

"Mia na kumi na nane," nikasema.
"Ndiyo," akasema,
kana kwamba alikuwa ananisubiri mimi.

Spika ni ya kwaya. Mwalimu Wandera aliileta kwa toroli
akilalamika kwamba besi zake
zinaimba kama watu waliofunikwa blanketi.
Tulipoipasua, moyoni mwake tulikuta sumaku ya zamani,
nene kama betri ya tochi,
inanyanyua pini moja, tena kwa shingo upande.

"Chuma nacho huzeeka?" akauliza Mwalimu.
Baba Mdogo akaigeuzageuza sumaku mkononi.
"Hakizeeki. Husahaulishwa.
Kikipigwa. Kikiangushwa. Kikikaa na moto."
Mwalimu akatazama chini, akaanza kufuta viatu vyake,
ingawa vilikuwa safi.

Mia tatu na arobaini. Tukafunga uzi.
Betri mbili za lori, za kuazima kwa Magoba,
tukaziunga kichwa kwa mkia,
na njiani unyuzi mmoja mwembamba, wa kufa kwanza.
Apio akatoa nje redio, simu, watoto na saa yake ya ndoa.
Mimi ndiye niliyeshika ncha ya waya.
"Gusa kama unavyogusa sufuria ya moto,"
alinifundisha hivyo nikiwa darasa la sita,
na hilo, sijui kwa nini, hakulisahau.

Nikagusa.

Pa!
Unyuzi ukawa mwanga, mwanga ukawa moshi,
koili ikaruka mezani kama chura.
Harufu ya vanishi iliyochomeka ikatanda chumbani.
Nje, mbuzi wa jirani hakuacha kutafuna.

Pini tukaziweka kando, tukaleta misumari ya inchi tatu.
Mmoja. Wa pili ukaning'inia kwa wa kwanza.
Wa tano. Wa saba ukatetemeka, ukakaa.
Mwalimu Wandera akapiga makofi peke yake.

Baba Mdogo akaifunga uzi, akaitundika dirishani.
Ikazunguka, ikasita, ikarudi kidogo, ikatulia:
ncha aliyoipaka rangi nyekundu, ncha ya kaskazini,
ilikuwa imeelekea ziwani.
Sote tunajua Kamuli iko upande gani.

Mikono yangu ikawa baridi. Niligeuza nyaya.
Nyekundu kwenye hasi, mimi, mbele ya watu.

"Itaimba tu," akasema, "ila itavuta pale ilipokuwa ikisukuma.
Mgeuzie na nyaya za spika, asigombane na mwenzake."
Unyuzi mwingine tulikuwa nao. Betri bado zilikuwa na nguvu.
Nikaukata, nikangoja aseme turudie.

Yeye akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa,
akaifuta ile rangi polepole,
akafungua kopo,
akapaka nyekundu upande wa pili.

"Nyafwono," akasema, "nishikie brashi."

Nikaitika. Nikaishika.